Kitabu Kilichosomwa Bila Kufunguliwa

Wachimba kisima wa Resina, mji mdogo kwenye ghuba ya Naples, walikuwa wakitafuta maji mwaka 1750 walipogonga sakafu ya marumaru ya rangi rangi. Hawakuwa wa kwanza kugonga kitu pale. Tangu 1738 watu wa mfalme wa Naples walikuwa wakitoboa mahandaki chini ya mji huo kumtafutia sanamu za kupambia kasri lake, maana chini ya nyumba za Resina ulilala mji wa Kirumi wa Herculaneum, uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Kisima kile kikawafikisha kwenye jumba ambalo hakuna aliyejua kuwa lipo. Kazi akapewa Karl Weber, mhandisi wa jeshi kutoka Uswisi, mtu asiyeacha kitu bila kukipima. Yeye na vibarua wake, baadhi yao wafungwa, walitambaa ndani ya mwamba kwa mwanga wa mienge, hewa ikiwa nzito ya kukaba koo, na kila walikopita alichora. Ramani yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba tajiri wa mafuta J. Paul Getty aliitumia kujengea makumbusho yake kule Malibu, Marekani, yaliyofunguliwa mwaka 1974.

Jumba lilitoa sanamu za shaba kwa wingi, na hizo ndizo mfalme alizozitaka. Oktoba 1752 likatoa kitu kingine: vipande vyeusi vya mviringo, vilivyobonyea na kukunjamana, vingi havizidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Waliovibeba walidhani ni makaa. Vingine vilitupwa kabla mtu hajaona herufi za Kigiriki kwenye kimoja kilichovunjika. Havikuwa makaa ya kupikia. Vilikuwa vitabu, magombo ya mafunjo, na vilivyosalimika, tukihesabu na vipande, ni kama 1,800.

Mafunjo tunayajua. Ni mmea uleule unaoziba kingo za Ziwa Naivasha na mabwawa ya Ziwa Viktoria. Wamisri wa kale walichana shina lake vipande vyembamba, wakavipanga tabaka mbili zilizokingamana, wakazigonga mpaka zikashikana, kisha karatasi moja ikagundishwa kwenye nyingine hadi kupatikana utepe wa mita kumi au zaidi wa kukunjwa. Katika ukavu wa Misri kitu hicho kinaweza kuishi miaka elfu mbili. Italia kuna unyevu, kwa hiyo huoza. Vitabu vya Herculaneum viliokolewa na janga lenyewe: wimbi la gesi na majivu lililoshuka mlimani liliyaoka magombo kwa joto la mamia ya digrii mahali pasipokuwa na hewa ya kutosha kuyawasha moto. Yakageuka mkaa badala ya majivu, na juu yake yakamwagika matabaka mengine yaliyoganda yakawa mwamba. Ndiyo maktaba pekee ya zama za Wagiriki na Warumi iliyobaki mahali pake hadi nasi tukaikuta.

Thamani ya jambo hilo haionekani mpaka mtu akumbuke jinsi vitabu vya kale vilivyotufikia. Vilinakiliwa kwa mkono, kizazi hadi kizazi, na kisichonakiliwa kilikufa. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunalo deni hapo hapo. Yale tuyajuayo kuhusu Rhapta, soko la pembe za ndovu la pwani ya Azania katika karne ya kwanza, yanatoka kwa sehemu kubwa kwenye mwongozo mmoja wa mabaharia, Periplus ya Bahari ya Eritrea, ulioandikwa na mfanyabiashara wa Misri ya Kirumi asiyejulikana jina. Mwongozo huo ulipona kwa sababu mwandishi mmoja wa karne ya kumi aliunakili, na nakala yake iko Heidelberg, Ujerumani. Lau mtu yule angechoka siku hiyo, historia yetu ingempoteza mmoja wa mashahidi wake wa mwanzo.

Kwa hiyo mtu anaweza kuelewa pupa ya waliokuja baada ya Weber, ingawa ni vigumu kuwasamehe. Camillo Paderni, mchoraji aliyekabidhiwa hazina za mfalme, alichukua kisu akayapasua magombo kwa urefu, kisha akaondoa tabaka moja baada ya jingine kufikia maandishi. Kila tabaka alilonakili lilikwisha hapo hapo. Mwaka 1753 akaletwa kasisi Antonio Piaggio kutoka maktaba ya Vatikani, mtu mwenye mikono mitulivu, akabuni mashine ya kufungulia. Gombo lilining'inizwa kwa nyuzi za hariri. Nyuma ya karatasi akabandika vipande vya utando mwembamba wa mnyama kwa gundi. Nyuzi zikavutwa kidogo kidogo kwa vigingi vya juu, na uzito wa gombo lenyewe ukalifungua. Siku nzuri ilitoa milimita chache. Gombo la kwanza lilichukua miaka, na lilipochapishwa Naples mwaka 1793, miaka arobaini baada ya kasisi kuanza kazi, wasomi wa Ulaya walikuta kwamba walichokuwa wakikisubiri ni maandishi ya Philodemus wa Gadara, mwanafalsafa wa mkondo wa Epikuro, akieleza kwa nini muziki hauna faida kubwa kimaadili. Wengi walikuwa wameomba tamthilia zilizopotea za Sophocles.

Philodemus huyo aliendelea kujitokeza katika gombo baada ya gombo. Inaelekea jumba lilikuwa la ukoo wa Lucius Calpurnius Piso, baba mkwe wa Julius Caesar, aliyekuwa mlezi wa mwanafalsafa huyo.

Magombo mengine yakawa zawadi za kisiasa. Mwaka 1802 mfalme Ferdinand wa Naples alimpa Napoleon Bonaparte sita, yakaenda Paris kwenye Institut de France. Mengine yalikwenda kwa mwanamfalme wa Uingereza, aliyekuja kuwa George wa Nne, na husimuliwa kwamba yeye alilipa kwa kangaruu hai wa bustani yake. London yakakutana na Mjerumani Friedrich Sickler, aliyedai anajua kuyafungua, akayaharibu kadhaa mbele ya kamati iliyomwajiri. Aliyekuwa akimtazama ni Humphry Davy, mwanakemia mkubwa kuliko wote wa Uingereza wakati ule, mvumbuzi wa taa ya usalama ya wachimba migodi. Davy aliona mbali zaidi: tatizo, alisema, ni la kemia, si la vidole. Akaenda Naples akiwa na klorini na iodini, ile iodini tunayoijua kwenye chumvi kama madini joto, akayafukiza magombo ili kulegeza kilichoyagandisha. Alifungua sehemu za magombo zaidi ya ishirini, akagombana na watunza makumbusho, akaondoka amenuna, na mwaka 1821 akachapisha matokeo yake. Hata hivyo yeye ni miongoni mwa wa kwanza kuyachukua magombo kama maada yenye tabia zake, na kuuliza mkaa huu ni mkaa wa namna gani kabla ya kuuliza umeandikwa nini. Baada yake pakapita zaidi ya karne moja na nusu ya kujaribu hiki na kile. Miaka ya 1980 magombo mawili kati ya yale ya Napoleon yalipelekwa Naples yakafunguliwe kwa njia mpya, na yakarudi yakiwa mamia ya vipande. Vipande hivyo tutavihitaji mbele.

Ufumbuzi ulianzia kwenye swali la mtu ambaye, kwa lolote lililoandikwa juu yake, hakuwa na haja na Herculaneum. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924 na alikuwa mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilibaki bila mwanafizikia wa kusimamia dawa za mionzi, na sheria ilitaka awepo. Cormack alikuwa ndiye mtu wa karibu aliyefaa, akaombwa aende siku moja na nusu kwa juma. Pale hospitalini aliwaona madaktari wakipanga mionzi ya kutibu saratani kwa kutumia chati zilizochukulia mwili kuwa kitu kimoja, kana kwamba mfupa, pafu na msuli hupokea mionzi sawasawa. Ilimsumbua. Ili kupanga dozi ipasavyo, aliwaza, inabidi ujue kila sehemu ya ndani inameza mionzi kiasi gani, na inabidi ulijue hilo kutoka nje.

Tangu Wilhelm Röntgen alipoigundua eksirei katika maabara yake ya Würzburg, Ujerumani, mwishoni mwa 1895, picha ya eksirei ilikuwa na kasoro moja ya kimsingi. Inalaza vyote juu ya kimoja. Mbavu, moyo na uti wa mgongo huangukia kwenye bamba moja, na daktari hujifunza kwa miaka kutenganisha kwa macho kilichochanganyika. Cormack aliuliza hivi: ukipitisha mionzi kutoka pande nyingi, ukapima kila mara iliyobaki upande wa pili, je, hesabu inaweza kukurudishia picha ya ndani, nukta kwa nukta? Akagundua kwamba inaweza, akaandika hesabu yake. Mwanahisabati wa Austria, Johann Radon, alikuwa ameshatatua swali hilo mwaka 1917, lakini Cormack hakulijua hilo kwa miaka mingi.

Jaribio lake la kwanza halikuwa na mgonjwa wala fahari. Alichukua silinda ya alumini iliyozungushiwa mbao, akapitisha mionzi ya kobalti kwa mistari sambamba, akapima, akapiga hesabu. Majibu yalitoka kama alivyotarajia, mbao ni mbao na alumini ni alumini, isipokuwa karibu na kitovu ambako namba tatu zilipinda kidogo. Akaenda kuwauliza mafundi wa karakana. Kumbe silinda ilikuwa na kipande kingine cha alumini katikati, tofauti kidogo na kilichokizunguka, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Kwa maneno mengine, hesabu ilikuwa imeona kitu ndani ya silinda isiyofunguliwa, kitu ambacho mpimaji mwenyewe hakukijua. Nimesoma masimulizi mengi ya uvumbuzi mkubwa na sijakutana na lingine linalonifurahisha kama hili la namba tatu zilizokataa kunyooka.

Cormack alihamia Chuo Kikuu cha Tufts, Massachusetts, na kazi yake akaichapisha mwaka 1963 na 1964 katika jarida la fizikia. Karibu hakuna aliyejali. Miongoni mwa wachache waliomwomba nakala, alikuja kusimulia baadaye, ni kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji milimani.

Uingereza, wakati huo huo, Godfrey Hounsfield alikuwa akifikia jambo lile lile kwa njia yake, bila kumjua Cormack. Alikuwa mtoto wa mkulima, hana shahada ya chuo kikuu, na aliajiriwa na kampuni ya EMI iliyojulikana zaidi kwa santuri. Mashine yake ya kwanza ilikusanya vipimo 28,000 kwa siku tisa, na kompyuta ikachukua saa mbili na nusu kuvigeuza picha. Alijaribia ubongo wa ng'ombe. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo aliingizwa kichwa ndani ya mashine, na uvimbe ukaonekana pale ulipo. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba, ilhali hakuna kati yao aliyekuwa na shahada ya uzamivu. Jina la Hounsfield liko hata leo kwenye majibu ya CT-Scan, ndilo jina la mashine hiyo, ya hospitali za Muhimbili au Kenyatta: vipimo vya msongamano huandikwa kwa uniti zake, maji yakiwa sifuri na hewa ikiwa hasi 1,000.

Ilichukua miaka mingine thelathini hivi kabla mtu hajaliona gombo kama mgonjwa. Brent Seales ni mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Kentucky. Alianza na hati zilizoharibika za kawaida, akazipiga picha na kuzinyoosha ndani ya kompyuta, kisha akajiuliza kwa nini asinyooshe kitu ambacho bado kimekunjwa. Mwaka 2009 Institut de France ilimruhusu kuyapima magombo mawili kwa mashine ya CT yenye macho makali kuliko zile za hospitali. Matabaka yalionekana, yamejipinda na kubanana. Maandishi hayakuonekana hata moja.

Sababu ni ya kimaada, na Davy angeielewa. Wino wa Herculaneum ulichanganywa kwa masizi na gundi, na masizi ni kaboni. Karatasi nayo ilishageuka kaboni. Eksirei hutofautisha vitu kwa uzito wa atomu zake na msongamano wake, na hapa kaboni ilikuwa imelala juu ya kaboni.

Njia ya Seales ilithibitika mahali pengine. Mwaka 1970 wachimbuaji wa sinagogi lililoungua huko En-Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi, waliokota kibonge cheusi ambacho kila mwenye busara aliogopa kukigusa, kikakaa ghalani miaka 45. Seales alipokea data yake ya CT, akafuata tabaka moja kwa moja ndani ya kompyuta, akalitandaza, na yakatokea maandishi ya Kiebrania ya mwanzo wa kitabu cha Mambo ya Walawi. Wino wa En-Gedi uling'aa kwa sababu ni mzito, huenda una madini ndani yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, na tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba kitabu kilichofungwa hakisomeki.

Yakabaki masizi. Hapo likaja jambo la fizikia kubwa. Diamond Light Source, karibu na Oxford, ni duara lenye mzunguko wa mita 562 ambamo elektroni hukimbizwa karibu na kasi ya mwanga. Kila zinapopindishwa na sumaku hutoa eksirei kali mno na safi mno. Mwaka 2019 magombo ya Paris yalisafirishwa hadi pale na kupigwa kwa undani wa micromita 8 hivi, yaani sehemu ndogo tu ya unene wa unywele. Seales na wanafunzi wake walikuwa na dhana: wino hauna uzito tofauti, lakini una umbo. Ulikauka juu ya nyuzi za mafunjo, ukaziba mianya, ukaongeza unene kidogo. Jicho la binadamu haliwezi kuona hilo katika mabilioni ya nukta, lakini kompyuta iliyofundishwa huenda ikaweza. Swali likawa itafundishwaje, wakati hakuna gombo ambalo majibu yake yanajulikana.

Vile vipande vya miaka ya 1980 ndivyo vilivyojibu. Juu ya vipande hivyo herufi zinaonekana kwa kamera ya infraredi, na vipande hivyo hivyo viliweza kupigwa na eksirei. Ukiweka picha mbili pamoja, moja inamwambia mwanafunzi wa mashine: hapa pana wino, hapa hapana. Kosa la kuyavunja magombo mawili ndilo lililofundisha namna ya kuyasoma mengine bila kuyavunja. Silisemi hili kuwatetea waliovunja, wao hawakukusudia.

Machi 2023 Seales alifanya jambo ambalo wasomi wengi wangeliogopa. Akishirikiana na matajiri wawili wa teknolojia, Nat Friedman na Daniel Gross, aliweka data yote wazi na kutangaza shindano. Atakayesoma vifungu vinne vya herufi 140 kila kimoja kabla mwaka haujaisha angepata dola 700,000. Kulikuwa na zawadi ndogo njiani, na aliyezipata alilazimika kuweka mbinu zake hadharani ili wengine waendelee kutoka hapo. Nyuma ya pazia kulikuwa na watu wa kuajiriwa waliokaa mbele ya kompyuta wakifuata kwa mkono, kwa saa nyingi, njia ya kila tabaka lililobonyea, na bila wao kusingekuwa na ukurasa wa kutafutia wino. Hao hawakupigwa picha sana.

Aliyeona wino kwanza hakutumia akili mnemba. Casey Handmer, Mwaustralia mwenye uzamivu wa fizikia, alikaa akiikodolea macho picha ya tabaka moja mpaka akagundua mahali penye mipasuko midogo kama tope la bwawa lililokauka. Mipasuko ilifuata mstari, na mstari ulikuwa na umbo la herufi. Luke Farritor, mwanafunzi wa miaka 21 wa Nebraska, akachukua mipasuko ile akaifundishia programu yake, programu ikamwonyesha mipasuko mingine, akairudisha tena kuifundisha. Oktoba 2023 likatangazwa neno zima la kwanza, linalohusu rangi ya zambarau. Youssef Nader, Mmisri aliyekuwa akisomea uzamivu Berlin, alikuwa amelifikia neno lile lile kwa njia yake, na picha yake ilikuwa safi zaidi. Wawili hao wakaungana na Julian Schilliger wa Zurich, aliyekuwa amebuni namna ya kufuata matabaka bila mkono wa mtu. Tarehe 5 Februari 2024 wakatangazwa washindi. Waliombwa vifungu vinne. Walileta safu kumi na tano, zaidi ya herufi 2,000, sawa na asilimia tano hivi ya gombo.

Magazeti yaliandika kwamba akili mnemba imesoma kitabu cha kale. Hapana. Programu zile hazikujua Kigiriki, na zilizuiwa makusudi kukijua. Zilitazama kijidirisha kidogo kuliko herufi moja na kujibu swali moja: wino upo au haupo? Lau zingekuwa zinajua maneno, zingeweza kuyabuni pale zisipoyaona, na msomi angebaki akisoma ndoto za mashine. Kusoma kwenyewe kulifanywa na wataalamu wa maandiko ya mafunjo, miongoni mwao Federica Nicolardi wa Chuo Kikuu cha Naples, watu waliozeeka au wanaozeekea kwenye kazi ya kuamua kama kijistari fulani ni mguu wa herufi hii au ile. Kigiriki cha magombo hakina nafasi kati ya maneno. Walipewa picha bila kuambiwa ni ya mshiriki gani, kila mmoja akasoma peke yake, kisha wakalinganisha. Mshindi wa dola laki saba aliamuliwa na elimu ambayo vyuo vingi vya dunia, na vyetu vikiwemo, huiona mzigo wa bajeti.

Na kitabu kinasema nini? Kinahusu raha. Mwandishi, ambaye wataalamu wanadhani ni Philodemus yuleyule, anajadili kama kitu kinaongezeka utamu kwa kuwa kinapatikana kwa shida, anatoa mifano ya chakula na muziki, anamtaja mpiga zumari mmoja, na mwishoni anawarushia kijembe wapinzani wasiokuwa na la kusema juu ya raha. Waliotaka Sophocles wamesikitika tena. Mimi namwona mzee huyu wa Gadara ameanza kunoga.

Gombo lililofuata lilitoka maktaba ya Bodleian, Oxford, na wino wake ulionekana kirahisi zaidi kuliko wa yale ya Paris. Kichwa cha kitabu cha kale huandikwa mwishoni, kwa hiyo hukaa katikati kabisa ya gombo, sehemu iliyokingwa kuliko zote. Mei 2025 kilisomwa: kitabu cha Philodemus kuhusu maovu. Marcel Roth na Micha Nowak, waliokipata pamoja na mshiriki mwingine aliyekifikia peke yake, ni wa Chuo Kikuu cha Würzburg, alikofundisha Röntgen.

Ugomvi uliopo sasa ni wa kuchimba au kutochimba. Uchunguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba jumba lina ghorofa za chini ambazo Weber hakuzifikia. Wapo wanaoamini kwamba huko kuna maktaba ya Kilatini, kwa kuwa magombo yaliyotoka ni ya Kigiriki kwa sehemu kubwa, na tajiri wa Kirumi wa wakati ule angekuwa na zote mbili. Wanaopinga wanajibu kwamba sehemu zilizokwisha kufunuliwa tayari zinamomonyoka kwa mvua na ukosefu wa fedha, na kwamba mamia ya magombo ya Naples bado hayajapimwa kwa eksirei. Juu ya ghorofa hizo umesimama mji wa Ercolano, ndio Resina ya zamani, na wenye nyumba wana hatimiliki zao.